Jezi Safi

Tangu mapumziko Mkawasi alijua goti lake limemsaliti. Kocha alipomwita atoke, nahodha huyo alimpungia mkono kwamba yuko sawa. Kando ya uwanja Sidi, mchezaji wa akiba ambaye mashindano yote hakuwa ameingizwa hata mara moja, alikuwa ameshasimama kuingia. Akaketi tena.

Ilikuwa fainali ya raga ya wanawake ya daraja la pili, wachezaji saba kila upande, na mshindi ndiye angepanda kucheza na mataifa makubwa. Dakika ya mwisho winga wa wageni akampita Mkawasi kama apitaye mti. Mkawasi akageuka amfukuze, goti likakataa. Akabaki kutazama mpira ukilazwa nyuma ya mstari, alama zilizowapa wageni ushindi.

"Pole, dada," Sidi alimwambia, akimpa bega aliegemee. "Umejitahidi sana."

Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililomkata Mkawasi maini. Alitaka kumwomba radhi, lakini akaliegemea tu lile bega.

Timu zilianza kubadilishana jezi, kama ilivyo desturi. Mgeni mmoja akamjia Sidi akitabasamu, jezi yake mkononi.

"Ningoje kidogo," Sidi alimwambia.

Akaenda nyuma ya benchi, akavua jezi yake, akabaki na singlendi. Mkawasi akamwona anapiga magoti penye tope, anaanza kuisugua topeni ile jezi safi, kifuani, mabegani, mgongoni, polepole, kama mtu anayefua.