Jina la Kwenye Termosi

Mtu wa bunduki aliigeuza simu ya Uwamariya kichwa chini miguu juu, labda jina lile lingesomeka upande wa pili.

"Hii jina iko ya nani?"

"Njo yangu, kaka. Iko Kichina. Niko nauzisha vitu vya Wachina."

"Na carte?"

"Iliungua mu nyumba."

Hilo la carte, kitambulisho chake, lilikuwa kweli. Jina alilibadilisha asubuhi ileile, kabla ya kupanda pikipiki kutoka Nyabiondo, kwa sababu kwenye kizuizi cha Kingi siku hizi wanasoma simu, na majina ya Kinyarwanda kama lake hayavuki. Alipiga picha maandishi ya termosi ya mama yake, akayanakili, akayabandika WhatsApp mahali pa jina lake. Imeili ilizikataa zile herufi, basi akaifuta yote, jina lake lisibaki humo. Zinasema nini, hakujua. Pengine maji moto.

Kidole gumba cha yule mtu kilikuwa na tope jekundu chini ya ukucha. Kilipita juu ya zile herufi polepole, kikaacha mstari kwenye kioo.

Kisha akacheka.

"Haya, Madame Chine, pita."

Uwamariya alikuwa ameshaishika simu ilipotetemeka mikononi mwao wote wawili. Ujumbe wa sauti. Mama yake hajui kuandika.

Mtu wa bunduki akaivuta tena, akabonyeza.

"Uwamariya!" sauti ikaita, kubwa, mbele ya watu wote. "We Uwamariya, termosi yangu uliiweka wapi?"