Kipindi cha Tanzia

Mwalimu Meshack aliandika KILELE ubaoni, akageuka, akamwona mkuu wa shule amesimama mlangoni pamoja na mwalimu wa taaluma. Hawakuingia. Walimtazama tu.

Wamekuja kunipima, akawaza, na jasho likaanza kumtoka. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha, na shule ya kwanza ilishamtema. Asubuhi ile mkewe Verediana, akipanda bodaboda kwenda Bangwe kuchukua dagaa wa kuuza, alimwambia wazi, "Kazi hii nayo ikikuponyoka, Meshack, mimi narudi kwetu."

Basi akafundisha kwa moyo wote. Alieleza mgogoro, akaeleza dosari ya mhusika mkuu, akaonyesha na jinsi anavyoanguka, huku akizungukazunguka mbele ya darasa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Cha ajabu, wanafunzi walikuwa kimya. Kidato cha tano wale wale wa fujo! Kiranja Regina aliitwa nje mara moja, akarudi, akamnong'oneza mwenzake, na ule unong'ono ukapita dawati hadi dawati. Wameonywa watulie, Meshack akawaza, na kimoyomoyo akamshukuru mkuu.

"Kinaya katika tamthilia ni nini?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ciza!"

Ciza, ambaye siku zote haishiwi maneno, alisimama akitazama sakafu.

"Ni pale... watazamaji wote wanajua jambo, mwalimu. Mhusika mwenyewe hajui."

"Safi sana! Na kwa nini wasimwambie?"

"Hatuwezi, mwalimu."

"Hawawezi," Meshack akamsahihisha, akicheka.

Regina akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Meshack alipoona vile, furaha ilimjaa. Tanzia imewaingia! Hata mkuu wa shule alikuwa ameinamisha kichwa. Hapo akajua kazi ameipata.

Mkuu akaingia, akamshika bega.

"Mwalimu, inatosha. Gari iko tayari, tunakusindikiza nyumbani. Shemeji anaumwa kidogo."

"Sawa, mkuu. Lakini kipindi umekionaje?"

Mkuu akamtangulia kutoka nje. Walimu wa kike walikuwa wameshapanda garini, na wote walikuwa wamejitanda khanga.