Trekta na Gari la Wagonjwa

Mwalimu Zawena aliandika x kwa kidole kwenye vumbi la boneti ya gari la wagonjwa. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu kijijini, kilomita hamsini kutoka hapo hospitalini, na trekta lilikuwa ndiyo kwanza limeondoka naye.

“Tuwasubiri hapa, Mwalimu,” dereva alisema. “Si wanakuja?”

“Trekta linakwenda ishirini kwa saa. Wewe?”

“Themanini.”

“Ishirini x jumlisha themanini x, sawasawa na hamsini. Tukiwafuata, nusu saa tumekutana. Tukisubiri, masaa mawili na nusu.” Akafungua mlango. “Swali hili ulilikosea darasa la saba, Kibwana. Leo hulikosei. Washa gari!”

Upepo ulikuwa umebakiza mkia mmoja tu wa ile x, vumbi la trekta lilipotimka mbele yao, nyuma ya kilima.