Aliyegundua Kosa

"Toleo la nne bado?"

"Bado, mama. Ni Agosti," Mwalimu Musembi alijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta.

Tangu Machi, kila Alhamisi, Kalunde alitoka Kathonzweni hadi ofisi ndogo ya Musembi pale Emali kuuliza swali hilo moja. Akishajibiwa alikaa kwenye benchi saa nzima, kisha akaenda zake.

"Mchumba wako ana subira kweli," Muthoki, mwenzake wa kazi, alimtania Musembi.

Programu yao iliwasaidia wauguzi wa zahanati kupima dawa za watoto: unaingiza kilo za mtoto, inakuambia dozi. Ilikuwa ya bure, na yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Aliyegundua kosa, jina lake liliandikwa kwenye shukrani za toleo linalofuata.

Februari ile ilifika barua isiyo na jina. Ilisema kwamba mtoto wa chini ya kilo saba anapewa dozi ya mtoto wa kilo kumi na saba.

Kurekebisha kungechukua dakika kumi. Lakini huyu Musembi, jamani, alikuwa mtu wa ratiba, tena mkaidi. Disketi mia mbili za toleo la tatu zilikuwa zimeshanakiliwa, na karatasi ya ukutani ilisema toleo la nne ni Agosti.

"Wauguzi si wana macho?" alisema. "Wataona wenyewe." Akaliweka kosa lile kwenye orodha ya Agosti.

Kufikia Mei alikuwa anaiogopa Alhamisi. Hata Jumatatu, ofisi ikiwa tupu, alisikia benchi likilia nyuma yake, akageuka, asione mtu. Chakula kilimshinda. Siku moja alimwuliza Kalunde kama yeye ni muuguzi. Mama huyo akatikisa kichwa.

"Sasa unataka nini kwangu, mama?"

"Nataka litoke tu, Mwalimu. Wengine bado wanapimiwa."

Musembi hakulala vizuri wiki hiyo. Jumatatu aliibandua ratiba ukutani, Muthoki akabaki akimtazama. Kufikia Jumatano toleo la nne lilikuwa tayari.

Kalunde alipoingia kesho yake, Musembi alisimama kumpokea, kwa mara ya kwanza. "Limekamilika, mama. Kesho disketi zinapanda basi." Alijisikia mwepesi, karibu acheke.

Kalunde hakutabasamu. Aliomba aonyeshwe. Musembi alimfungulia ukurasa wa shukrani, akamsomea. Kwenye kosa la dozi nafasi ya jina ilikuwa wazi.

"Hapo andika Kivuva."

"Ndiye aliyegundua?"

"Ndiye."

Musembi alilichapa upesi, akifurahi kwamba hatimaye amempata. "Huyu Kivuva anafanya kazi zahanati gani, nimwandikie barua ya asante?"

"Alikuwa na kilo sita, Mwalimu."