Kikombe cha Uji

"Haya, peaneni mikono," Mwalimu Tabu alisema mbele ya darasa.

Nyamizi akampa mkono Semeni, yule aliyekuwa akimtilia mchanga kwenye uji tangu muhula uanze. Jana mama yake Nyamizi alikuja shuleni kulalamika; leo darasa zima likawapigia makofi.

"Mmeona? Yamekwisha," mwalimu alisema, uso umemkunjuka. "Kuanzia leo mtakaa dawati moja. Na wewe Semeni, mwangalie mwenzako. Hata uji utamchukulia wewe."

Kisha akamgeukia Nyamizi.

"Sema asante."

"Asante, Mwalimu."

Kengele ya mapumziko ilipolia, Semeni alikileta kikombe kwa mikono miwili, adabu tele. Mwalimu alisimama mlangoni akiwatazama, roho yake kwatu. Nyamizi aliinamia kikombe. Uji ulikuwa umetulia, unafuka moshi, hauonyeshi kitu. Akapiga funda moja. Mchanga ukalia katikati ya meno.

"Mtamu?" mwalimu aliuliza.

Semeni alikuwa amemwekea mkono begani, kama dada.

"Mtamu, Mwalimu," Nyamizi alijibu, akakiinua kikombe tena.