Bangili ya Mama

Siku hizi kila mwenye damu nzito huvaa bangili. Ikiwaka buluu, huyeyusha damu iliyoganda. Ikiwaka nyeupe, huiacha igande. Leo asubuhi bangili ya Mama iliwaka buluu, ikiyeyusha donge la mguuni lisije likapanda mapafuni. Akataka kukuna nazi mwenyewe.

“Mbuzi itakukata, Mama.”

“Nimeikalia kabla hujazaliwa, wewe.”

Nikamwachia. Kweli ikamkata kidole. Bangili ikageuka nyeupe papo hapo, na damu ikakatika.

“Umeona? Inaijua kazi yake.”

Naamini inaijua. Wali wa nazi tumeshakula, kidole kimekauka. Nimeuinua mguu wake juu ya mto, na bado nangoja buluu irudi.