Mama Mkwe Hataki Kustaafu

"Kitendawili!"

"Tega!" mapacha wakaitika, midomo imejaa chakula.

"Ukilichuma mapema, dogo. Ukilingoja, linanenepa. Ukilingoja mno, analila mwingine."

Mapacha wakataja embe, wakataja papai, wakataja na boga ingawa hawalipendi. Aliyepata jibu ni mama yao, huku akimwongezea mama mkwe wake mchuzi.

"Pensheni."

"Hongera, mkwe wangu," bibi akacheka. "Basi na langu nalingoja linenepe."

Hapo meza nzima ikachangamka, maana hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya kila Jumapili. Mtumishi wa serikali akitimiza miaka sitini aliruhusiwa kuanza kupokea pensheni, ila kiduchu. Akivumilia hadi sitini na tano, anapewa iliyonona. Mama mkwe alikuwa na sitini na tatu, na kila asubuhi alivaa sare yake ya bluu, akatia mfuko begani, akaaga kwamba anaenda kufua mashuka ya hospitali kuu.

"Mama, chukua hicho kidogo ukae nyumbani upumzike," mwanawe akasema. "Tena kuna wale kuku wangu. Ungekuwa unawatupia jicho."

"Na mwanangu ungenishikia mchana," akadakia wifi, ambaye Jumapili hakosi na mkononi hana kitu. "Mtoto mwenyewe hana usumbufu. Analia tu."

"Na shule utatupeleka wewe!" mapacha nao.

"Kumbe mapumziko yangu yameshapangiwa ratiba," mama mkwe akasema, akilamba kijiko. "Bado sitini na tano, jamani. Niacheni na mashuka yangu."

Wakacheka wote, isipokuwa mkwe. Yeye hakuwa na kuku wa kuchungiwa. Alikuwa na hofu.

Ndiye aliyemfungulia bibi mlango kila jioni, na ndiye aliyeyaona. Macho mekundu kama pilipili. Ile dawa ya kung'arisha mashuka ilikuwa ikimla taratibu. Nywele zimelowa hata siku za jua kali. Mvuke wa mashine huo. Ncha za vidole zimekunjamana kama za mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Akiwekewa chakula, anakishambulia kama aliyelima shamba zima, na kabla sahani haijaondolewa usingizi umeshambeba. Harufu ya dawa ilimfuata mpaka kwenye mto. Mwili nao ulikuwa umepungua, sare inampwaya utadhani ya kuazima. Na kwa taabu yote hiyo, hata mshahara haukuwa kama wa zamani. "Serikali imefunga mkanda," alisema bibi, wala hakulalamika.

"Mama, kazi hii itakuua," mkwe alimwambia siku moja wakianua nguo.

"Iniue? Siku nisipoenda ndiyo mgongo unaniuma."

"Mama!"

"Kweli tupu, mwanangu. Nishikie hiyo ncha ya shuka."

Mkwe akaishika, lakini moyo haukutulia. Miaka miwili ni mingi kwa mtu mwenye macho kama yale. Huyu mama ndiye aliyempokea katika nyumba hii kama binti wa kumzaa, akamfundisha hata namna ya kumnyamazisha mume bila kufungua mdomo. Amwache aanguke juu ya mashine kwa kungoja kitita? Haiwezekani.

Jumamosi akafunga safari kimyakimya. Alipita mlango wa nyuma wa hospitali, akafuata ngurumo za mashine mpaka chumba cha kufulia. Toroli zimejaa mashuka, mvuke umetanda, na katikati kasimama msimamizi, mwanamke wa miraba minne, taulo begani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwombea mama mkwe wangu," mkwe akaanza, akasahau maneno yote aliyoyapanga njiani. "Mpunguzieni kazi. Au mfukuzeni kabisa, sitakasirika. Mradi akaichukue hiyo pensheni angali hai."

"Marahaba. Mama mkwe wako ni yupi?"

"Yule wa vitendawili."

Mashine ziliendelea kunguruma, lakini mikono yote iliyokuwa ikikunja mashuka ilisimama. Mama mmoja akajifunika uso kwa foronya, mabega yakimtikisika.

"Kuna nini? Ameanguka?" mkwe akauliza.

"Njoo," msimamizi akasema, akamshika mkono.

Wakatoka nje, wakavuka barabara, wakaingia geti la manispaa. Mkwe alitembea akijiandaa kusikia la kusikia. Alichosikia kwanza ni kelele za watu na vishindo vya maji. Msimamizi akanyoosha kidole juu.

Juu kabisa, kwenye ubao wa kurukia wa bwawa la kuogelea, amevaa kofia ya mpira ya manjano, alisimama mama mkwe, akiwapungia mkono waliokuwa chini wakimshangilia.

"Pensheni anaichukua tangu siku ileile alipotimiza sitini," msimamizi akasema. "Keki ya kumuaga niliikata mimi."

Mama mkwe akaruka. Maji yakapasuka, yakajifumba, kisha kofia ya manjano ikaibuka karibu na ukingo, hatua moja tu kutoka kwenye viatu vya mkwe wake. Wakatazamana.

"Watoto umewaacha na nani?" bibi akauliza.

"Na baba yao."

Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akayapiga maji kando yake kwa kiganja, kama mtu anayempangusia mgeni kiti.

"Basi vua viatu."